Memori ya Pili

Kila asubuhi Mama alianza na kitambaa. Alikiondoa juu ya kompyuta kwa vidole viwili, akakikung'uta mlangoni, akakikunja na kukiweka juu ya printa. Halafu alichomeka waya ukutani, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba na kwenda zake jikoni kubandika chai. Hakuwa na sababu ya kuingoja. Kompyuta ile ilikuwa imeshatumiwa na ofisi mbili kabla ya kumfikia yeye, na iliamka polepole, kwa kukoroma na kutafuna-tafuna. Maji yakichemka, nayo imewaka. Mume wake, fundi bomba mwenye goti bovu, alikuwa na utani wake kwamba ndani ya nyumba ile kuna wazee watatu wanaoamka kwa kukohoa, na mmoja wao analipiwa umeme.

Jumatatu hiyo Mama alikuwa hajabandika chai aliposikia mlio. Ulikuwa mlio mmoja mrefu, kama wa dereva aliyekasirika. Ukakatika. Ukaja wa pili, ukakatika. Ukaja wa tatu, kisha kimya. Mama alirudi na birika mkononi. Skrini ilikuwa nyeusi tii.

"We!" aliiambia, kama anavyomwambia paka aliyeingia jikoni. Akazima, akawasha tena. Milio mitatu.

Katika chumba cha pili binti yao alikuwa ameketi kitandani, amevaa kiatu kimoja. Aliihesabu ile milio pamoja na mama yake. Mkoba wake wa chuo ulikuwa sakafuni. Ndani yake, katikati ya daftari mbili, ndani ya soksi safi, kulikuwa na kipande chembamba cha memori, urefu wake kama wa kitana cha mfukoni. Hicho ndicho kompyuta ilikuwa inakililia.

"Mwanachuo!" Mama aliita. Ndivyo walivyomwita tangu apate nafasi chuoni, kwanza kwa utani, siku hizi kwa fahari. "Hebu njoo. Wewe si ndiyo mambo yako haya?"

Binti alitoka na kiatu kimoja.

"Imefanya nini?"

"Inalia. Inalia halafu inanuna. Na Ijumaa mwalimu anakuja kuchukua mitihani ya darasa la tano na la sita. Yote imo humo."

Binti alipiga magoti mbele ya sipiyu, lile sanduku la chini lenye kitufe. Alishika waya wa umeme, akauchomoa, akauchomeka. Alishika waya wa skrini. Alifuata kila waya mpaka mwisho wake, kama alivyofundishwa, na mikono yake ilifanya kazi vizuri kabisa, mikono ya mtu anayetafuta kitu asichokijua. Mama alisimama nyuma yake, akimwangalia kwa heshima anayopewa daktari.

"Labda ni mimi," Mama alisema ghafla. "Juzi niliipangusa na kitambaa kibichi. Si mlisema maji hayatakiwi?"

"Siyo wewe, Mama."

"Umejuaje?"

"Maji yangetoa harufu." Alijiona anavyodanganya kwa kutumia elimu. "Siyo wewe. Wewe hujaharibu kitu."

"Basi nimwite Fundi Miwani?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Soksi ilikuwa hatua sita kutoka pale alipopiga magoti. Lakini mtihani ulikuwa unaanza saa tatu, na jioni angekuwa ameshairudisha memori mahali pake. Pengine fundi angeifanya ile iliyobaki ifanye kazi kwa siku moja tu, bila kuuliza maswali.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Mwite."

Mambo yenyewe yalianza Ijumaa iliyotangulia. Mkufunzi aliingia darasani, akaweka makaratasi yake mezani, akatangaza kwamba chuo hakina vipuri vya kutosha. Kila mtu aje na memori yake kwa ajili ya mtihani wa vitendo. Asiye nayo atakaa atazame wenzake. "Na alama za kutazama mnazijua," alisema, darasa likacheka. Binti naye alicheka. Nyumbani hakusema neno. Mama alikuwa ameahirisha mara mbili kwenda kung'oa jino ili ada ikamilike, na alikuwa anatafuna upande mmoja.

Jumapili umeme ulikatika. Mama alikwenda hospitali kumtazama shangazi, Baba akaitwa kwenye bomba lililopasuka. Binti alifungua sipiyu kwa bisibisi ya baba yake. Ndani kulikuwa na memori mbili zimesimama bega kwa bega, moja imefifia, moja inang'aa. Chuoni walifundishwa kwamba kompyuta yenye memori mbili huweza kwenda na moja, ila kwa uzito. Akachukua ile inayong'aa. Kwa kuwa umeme haukuwepo, hakujaribu.

*

Fundi Miwani alikuja saa kumi alasiri. Aliitwa hivyo kwa sababu kwenye kazi ndogondogo alivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na watoto wa mtaa walidai ya tatu ameificha mfukoni. Alikuwa na meza yake kwenye baraza ya duka la kona, hatua mia mbili kutoka pale, akitengeneza redio, simu na kompyuta za watu.

Binti alikuwa amerudi mikono mitupu. Mtihani aliufanya. Kila mwanafunzi alipewa sipiyu isiyowaka, akatakiwa kutafuta hitilafu, kurekebisha na kuiwasha kwa memori aliyokuja nayo. Kisha mkufunzi alifunga maabara. Mtahini wa nje angekuja Jumatano kukagua, na hakuna kitu kitakachotoka humo kabla ya hapo. "Vifaa vyenu mtachukua Alhamisi," alisema. Binti alisimama mlangoni mwa maabara mpaka mtunza maabara akamuuliza kama amesahau kitu.

"Nishikie tochi, mdogo wangu," fundi alimwambia sasa. Binti akashika.

Fundi alifungua skrubu ya kwanza, akasita. Akaitazama. Akafungua ya pili, ya tatu, ya nne, akauvuta mfuniko na kuulaza sakafuni. Upande wa ndani wa mfuniko ulikuwa na maandishi ya wino mzito: *Memori 2. Diski 1. Skrubu 4.* Chini yake palikuwa na tarehe ya mwezi uliopita na sahihi yake. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mashine iliyopita mikononi mwake, ili mwenye mashine asilale na shaka.

Akachungulia ndani. Aliichomoa ile memori iliyofifia, akaisugua miguu yake kwa raba ya shuleni, akairudisha. Milio mitatu. Akaihamishia nafasi ya jirani. Milio mitatu.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa, "hii iliyobaki ilikuwa inachechemea hata mwezi uliopita. Nilikuambia itakuja kufa. Imekufa. Lakini nzima haipo."

"Haipo vipi?"

"Zilikuwa mbili. Sasa ipo moja."

"Nani anasema zilikuwa mbili?"

Fundi, bila kufikiri, aliunyooshea mfuniko kidole. "Nimeandika mwenyewe."

Mama aliinama akasoma. Alikuwa mchapaji, alisoma kila neno mpaka tarehe.

"Vizuri," alisema. "Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Basi ya pili iko wapi?"

Fundi alivua miwani moja. "Mimi niliziacha mbili, mama yangu. Niliwasha mbele yako, ikawaka."

"Iliwaka. Na tangu siku hiyo nani mwingine ameifungua?"

"Hata mimi nataka kujua. Skrubu hii imekazwa kwa nguvu mno. Mimi sikazi hivi." Akageuka. "Mdogo wangu, shika tochi vizuri. Naona ukuta tu."

Mwanga ulikuwa umehamia ukutani. Binti aliishika tochi kwa mikono miwili.

"Labda kuna mtu alitaka kusafisha," fundi alisema taratibu. "Mtu hufungua kwa nia njema..."

"Tuko watatu humu ndani," Mama alimkata. "Mume wangu anajua mabomba, na hayo yenyewe siku nyingine yanamshinda. Mimi najua kuchapa. Na huyu..." Aliuweka mkono begani kwa binti yake. "Huyu hachukui hata kijiko cha sukari bila kuuliza. Uliza mtaa mzima."

"Sijasema yeye, mama."

"Na usiseme."

Mkono wa Mama ulikuwa na joto. Binti alihisi anaungua chini yake.

"Mama," alianza, "labda..."

"Labda nini?"

"Labda fundi amesahau. Anatengeneza mashine nyingi. Labda ilichanganyika na za wengine."

Alikuwa amekusudia kumsaidia. Yalipomtoka aliyasikia yalivyo, maneno ya kumtafutia mwizi kisingizio. Fundi pia aliyasikia. Alimtazama kwa muda, na nyuma ya kioo macho yake yalikuwa makubwa mno.

"Nina moja mezani kwangu," akamwambia Mama. "Siyo mpya, lakini itakusogeza. Nikuazime mpaka tujue."

"Uniazime?" Mama alicheka kicheko kikavu. "Uniazime kitu changu mwenyewe?"

Fundi alifunga mfuniko, skrubu nne, kwa utaratibu, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Akatoka. Bisibisi yake aliisahau juu ya printa.

*

"Mwizi gani anaandika alichoiba, akaweka na tarehe?" Baba aliuliza jioni, mguu wenye goti bovu ukiwa juu ya kigoda.

"Mwizi mwerevu."

"Mke wangu, mimi nimeingia vyoo vya watu miaka ishirini. Kitu kikipotea nyumbani kwa mtu, hata ikiwa sufuria, wa kwanza kukumbukwa ni fundi. Mwaka ule kwa yule daktari..."

"Hayo ya daktari nimeyasikia."

"Utayasikia tena. Walinigeuza mifuko yangu getini, mlinzi anatazama, wapishi wanatazama. Kumbe pete wanayoitafuta iko kwenye sabuni. Unajua walisema nini?"

"Walisema pole."

"Hawakusema! Walisema, 'Haya, fundi, endelea na kazi.'" Baba alimgeukia binti yake. "Mwanachuo, wewe uliyesoma unasemaje? Mtu anaweza kuchomoa kile kitu halafu mashine ikaendelea kuwaka mwezi mzima?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Binti alitazama mkate uliokuwa mkononi mwake.

"Sijui, Baba."

"Sasa ada yote hii tunalipia nini?" Baba alisema, akacheka, akamsukumia sahani ya siagi.

Kesho yake asubuhi Mama alikwenda dukani kununua karatasi. Hakwenda kushtaki. Ila mwenye duka alimwuliza mbona dirisha lake la kupokelea kazi za kuchapa limefungwa, na Mama akajibu alichoulizwa, na waliokuwa wanangoja chenji wakasikia. Mwenye duka alikuwa mtu wa tahadhari, mwenye kijiti cha meno mdomoni tangu asubuhi hadi jioni. Alilitafuna jambo lile pamoja na kijiti chake. Mchana alitoka barazani akamwambia Fundi Miwani kwamba yeye hasemi kitu, hajui kitu, lakini watu wakishaanza kusema kwamba barazani kwake kuna mwizi, hata sukari yake wataipima mara mbili. Atafute mahali pengine. Mpaka Jumamosi.

Baadaye siku hiyo hiyo fundi alikuja kuchukua bisibisi. Mama aliyekuwa amekwishaifungia kwenye droo ya chumbani alimwacha amesimama mlangoni, akaenda kuitafuta. Alikawia, droo ile ilikuwa na mambo mengi.

Binti alikuwa dirishani. Akiingia mtu mgeni, yeye alikuwa na desturi ya kutazama nje.

"Mtihani wenu ulikuwa jana," fundi alisema kwa sauti ya chini.

Binti hakugeuka.

"Wenzako wawili walikuja kwangu Jumamosi kuazima memori. Niliwapa. Hata wewe ungekuja, ningekupa."

Nje, mwanamke alikuwa anapita na ndoo. Binti alimfuata kwa macho mpaka akaishia.

"Mimi sitasema," fundi akaendelea. "Nikisema mimi, nitakuwa mwizi na mwongo juu yake. Na mtoto wa watu nitakuwa nimemsingizia. Sema wewe. Sina haraka nyingine ila Jumamosi."

Mama alirudi na bisibisi, ameishika kwa ncha. Fundi alishukuru, akaenda.

"Alikuwa anakuambia nini?"

"Ameuliza habari za chuo."

"Ana uso mkavu huyo," Mama alisema.

*

Ile wiki Mama alichapa mitihani ya mwalimu upya, kutoka kwenye nakala zilizoandikwa kwa mkono, katika duka la kompyuta la barabara kubwa. Walikodisha kwa saa. Msichana wa pale, aliyelingana na binti yake, alimwonyesha jinsi ya kushika kipanya. Mama alikuwa amechapa tangu enzi za taipureta zenye utepe, na alimwacha amwonyeshe. Saa ilipokwisha skrini ilijifunga yenyewe katikati ya sentensi, na msichana akasema kwa sauti ya dukani, "Bibi, muda wako umekata!" Wateja wengine wakageuka. Mama alisimulia hayo nyumbani akiigiza ile sauti, Baba akacheka mpaka akashika goti. Binti alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alijaribu. Jumatano alimfuata mama yake jikoni, akasimama nyuma yake.

"Mama, ile memori..."

"Eeh?"

"Kama ikipatikana, fundi ataruhusiwa kubaki barazani?"

"Itapatikana wapi? Imeshauzwa hiyo." Mama aligeuka, akamwona alivyokonda uso. "Wewe una moyo mwepesi, mwanangu. Usijitwike mizigo ya watu. Kula, ulale, usome."

Alhamisi matokeo yalibandikwa ukutani. Kutafuta hitilafu ya kompyuta isiyowaka: alama themanini na nane, ya pili darasani. Mkufunzi alimpongeza mbele ya wenzake: amesikia milio mitatu, amejua ugonjwa kwa dakika nne. Wenzake wakampigia makofi. Mtunza maabara alimrudishia memori, binti akaweka sahihi daftarini. Alirudi nyumbani karibu akikimbia, soksi ikiwa ndani ya ngumi yake.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Alifungua sipiyu, akaichomeka memori mahali pake, akasikia vikamatio viwili vya pembeni vikibana, ta, ta. Akabonyeza kitufe. Mlio mmoja mfupi, kukoroma, kutafuna-tafuna. Skrini ikaangaza. Binti alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akalia kidogo kwa raha. Yamekwisha, alijiambia. Hakuna aliyepoteza kitu.

Mama aliingia na kuiona taa ya kijani ya kompyuta. Aliacha mkoba ukaanguka.

"Umefanyaje?"

"Nimesukuma-sukuma tu, Mama. Nimekaza waya za ndani."

Mama alimkumbatia. Alimwita mhandisi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakiki kila ukurasa kabla ya kuutoa, alitaka kuona ndani. Binti alisema si lazima. Mama alishaushika mfuniko. Haukuwa umefungwa bado. Akachungulia, akaona vipande viwili, kimoja kimefifia, kimoja kinang'aa.

Akainua macho, akautazama mlango.

"Amerudisha," alisema.

"Mama..."

"Juzi! Nilipokwenda kutafuta bisibisi. Nilikawia, akabaki hapa. Na wewe ulikuwa umempa mgongo kama kawaida yako, na aibu zako hizo. Si ulikuwa dirishani?"

"Nilikuwa dirishani," binti alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Baba aliporudi alisimuliwa. "Alifungua na nini?" aliuliza. "Na kucha? Si bisibisi ulikuwa nayo wewe?"

"Fundi mzima ana bisibisi moja?"

Baba aliweka chini mfuko wake wa spana. Alikwenda mwenyewe kuchungulia, akavitazama vile vipande viwili kwa muda, akajishika kiuno.

"Basi sijui tena," alisema. "Mimi nilikuwa namwamini yule mtu." Akakaa kwenye kigoda, na usiku ule hakutania.

*

Jumamosi asubuhi Mama alivaa vizuri. Alikuwa amelala akiwaza, na hasira ilikuwa imemwisha. Mtu aliyerudisha kitu, alimwambia binti yake, siyo mtu mbaya kabisa. Ana mke, tena mjamzito. Atakwenda kuzungumza na mwenye duka. Binti amsindikize abebe karatasi.

Barazani Fundi Miwani alikuwa ameigeuza meza yake chini juu, anafungua miguu. Mke wake, mwanamke mfupi aliyechoka, alikuwa anapanga waya na redio za watu kwenye boksi, kila moja na jina la mwenyewe limefungwa kwa uzi. Wateja kama sita walikuwa wamepanga foleni kwenye dirisha la duka, na foleni ile haikuwa na haraka yoyote.

"Mwenye duka," Mama aliita. "Nimekuja kwa wema. Kile kitu kimerudi."

Kijiti cha meno kilisimama. "Kimerudi?"

"Kimerudi mahali pake. Sitaki kueleza kimerudije, mwenyewe anajua. Mimi sina kinyongo. Wengine hawarudishi." Alimgeukia fundi, na sauti yake ilikuwa laini, sauti anayotumia kwa wagonjwa. "Fundi, nimekusamehe."

Foleni ikaguna. Mtu mmoja akasema, "Mama ana roho nzuri huyu."

Fundi aliinuka na mguu wa meza mkononi. Alimtazama Mama, halafu binti nyuma yake, aliyekuwa amelikumbatia bunda la karatasi kifuani.

"Mimi sijarudisha kitu," alisema.

"Haya sasa," mwenye duka aliingilia, amefurahi kwamba jambo limekuwa jepesi. "Usianze. Mimi sina ugomvi na wewe, na mama mwenyewe ndiye huyu anasamehe. Waliosikia la wizi walisikia hapa hapa. Omba radhi hapa hapa, mbele yao, meza isimame, tuendelee na maisha."

"Niombe radhi ya nini?"

"Fundi, usinichoshe."

Mke wake aliacha kupanga waya. Hakumtazama mtu yeyote isipokuwa mumewe. "Baba," alisema polepole, "liseme tu. Neno moja. Tutakwenda wapi na maboksi haya?"

Fundi aliuweka chini mguu wa meza. Alivua miwani ya juu, akaiweka mfukoni. Akavua na ya chini, akaifuta kwenye shati, hakuivaa tena. Bila miwani uso wake ulikuwa mdogo na wa mtu mwingine, mtu ambaye unaweza kumwambia chochote.

"Haya," alisema. "Mama, mbele ya hawa wote, mimi naomba..."

"Usiombe."

Ilikuwa sauti ndogo, na wa kwanza kuisikia alikuwa mke wa fundi. Aligeuka.

"Nani kasema?" mwenye duka aliuliza.

"Endelea, fundi," Mama alisema.

"Asiombe msamaha, Mama."

"Mwanangu, haya ni ya watu wazima. Shika karatasi."

Binti aliliweka bunda chini, sakafuni, kwenye vumbi ambalo mama yake asingelikubali siku nyingine. Mikono ikabaki haina pa kwenda. Watu wote walikuwa wanamtazama, na tangu alipozaliwa hakuwahi kutazamwa na watu wengi hivyo bila kukimbia. Alisema kitu, midomo ikacheza, hakikutoka.

"Sema tusikie, binti," mwenye duka alisema. "Huku nyuma hatusikii."

Basi akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua, ikavunjika katikati na kuendelea hivyo hivyo ikiwa imevunjika, mpaka waliokuwa upande wa pili wa barabara wakasimama.

"Memori niliichukua mimi, Mama. Nilifungua kompyuta Jumapili ulipokwenda hospitali, nikaichukua nikafanyie mtihani, na Alhamisi nikairudisha. Ulipokuwa unamtuhumu nilikuwa nimeshika tochi, na nilijua. Fundi hajaiba kitu. Aliyeiba ni mimi."